Fungu la Ndege

Ukitaka kumuudhi Ranmenika, msifu mumewe kana kwamba ameshakufa. Wapo waliojaribu. "Punchirala alikuwa mgawa maji hodari," wakasema, na wakaondoka pale bila kuonja hata chai ya rangi. "Alikuwa?" aliwauliza. "Na yule aliyekaa kibarazani ni nani, mtungi?"

Na kweli Punchirala alikuwepo kibarazani kila uchao, kikoi safi, kidevu kimenyolewa, mdomo mwekundu kwa tambuu. Kijiji kizima cha Kirimetiwewa kilimwita Vidane, cheo cha mtu anayesimamia maji ya bwawa. Cheo hicho walimpa wakulima wenyewe alipokuwa bado na nywele nyeusi, wakamwachia mpaka wakasahau kwamba kinaweza kushikwa na mtu mwingine. Yeye ndiye aliyesema lango lifunguliwe lini, nani aanze kunywesha majaruba yake ya mpunga na nani asubiri. Walimnung'unikia, maana hajazaliwa mgawa maji asiyenung'unikiwa, lakini hakuna aliyewahi kusema Punchirala amempendelea ndugu yake.

Alichokificha Ranmenika, kama mtu anavyoficha kidonda chini ya nguo, ni kwamba Vidane wao hakuwa tena na kichwa cha kugawa hata sinia la wali.

Ilianza taratibu. Siku moja alitia chokaa ya tambuu kwenye chai badala ya sukari guru, akainywa yote, akasema tamu. Siku nyingine aliuliza kaka yake yuko wapi, na kaka yake alikufa zamani, maiti wakaichoma kwa desturi yao, Punchirala mwenyewe ndiye aliyewasha kuni. Kisha akaanza kumwita mkewe kwa jina. Tangu binti yao Kusuma azaliwe, alikuwa akimwita Mama Kusuma tu, kama waume wote wa pale. Siku aliyomwita "Ranmenika," kwa sauti ileile ya kijana aliyekuja kumposa, bibi yule alifurahi mpaka akaunguza mchuzi wa fenesi. Alipoitwa hivyo mara ya pili akaelewa, akaketi jikoni na kulia kimyakimya ili asimshtue.

Kusuma alikuwa mbali, anashona nguo kiwandani huko upande wa bahari, anakuja mwaka mpya na mikoba ya biskuti. Kwa hiyo Ranmenika akapanga mambo yake peke yake. Kila asubuhi alimshika mumewe mkono wakapanda tuta la bwawa, naye alitembea nusu hatua nyuma, ili mtu akiwaona adhani mzee ndiye anayeongoza. Wakifika langoni Ranmenika aliangalia maji yamefika jiwe gani, akapiga hesabu zake kichwani, kisha akasema kwa sauti ya kusikika, "Baba Kusuma, umesema leo tuwape wa upande wa mkwaju?"

"Ndiyo," alijibu Punchirala. Alikuwa amefikia hatua ya kumjibu ndiyo kwa kila kitu.

"Vidane amesema upande wa mkwaju," Ranmenika aliwatangazia wakulima, na mambo yakaenda. Mpini wa chuma wa kuzungushia gurudumu la lango aliurudisha nyumbani kila siku, akaufukia ndani ya kikapu cha wimbi.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini asiseme tu. Mimi nimekaa na watu hawa miaka mingi, na jibu nililonalo ni moja: alimpenda. Aliona cheo kile ndicho kilichobaki cha kumfanya mzee anyolewe ndevu, apande tuta, aamkiwe na watu njiani. Kikiondoka, atabaki wa kulishwa na kufutwa mate. Basi akaamua hakitaondoka maadamu yeye yu hai.

Mwaka huo mvua za vuli zilikuja kwa mkato, na za masika zikapita juu juu kama mgeni mwenye haraka. Bwawa halikufika hata nusu. Wakulima wakakutana, wakakubaliana uwe mwaka wa kugawana, kama babu zao walivyofanya kila maji yalipopungua. Mwaka wa kugawana bonde la chini lote huachwa bila kulimwa. Hulimwa majaruba ya juu tu, yale yaliyo chini ya tuta, ambako maji hayapotei njiani, na hukatwa vipande sawasawa kwa idadi ya nyumba. Haijalishi ardhi ni ya nani. Majaruba bora kabisa pale ni ya Punchirala na Ranmenika. Wakabaki na kipande kimoja kama kila mtu, na hawakutoa neno, maana ukinung'unikia hilo Kirimetiwewa hutapata hata wa kukuazima moto.

Lililomuuma Ranmenika ni fungu la ndege. Mwishoni kabisa mwa bonde la chini, karibu na miti, yapo majaruba mawili yasiyo na mwenyewe. Kila mwaka hulimwa na wote, hupandwa na wote, na havuni mtu. Chiriku, kasuku na bata wa porini hula humo mpaka washibe, na ya watu huguswa kidogo tu. Mwaka huo, kwa kuwa bonde la chini halikulimwa, fungu la ndege nalo lilikaa likipasuka kwa jua.

"Watatafuta pengine," alisema Tilakasiri siku ya kikao. Tilakasiri ni jirani yao, mtu wa makamo, mwenye watoto wanne, trekta ndogo ya mkono, na pampu ya maji aliyoinunua akiwa kazini Uarabuni. Ana mdomo, lakini ana mikono pia. "Ndege wana mabawa, shangazi. Mimi sina."

Na kuna jambo moja lililosalia ambalo halikuhitaji kikao. Chini ya kizingiti cha lango la bwawa hubaki maji ambayo lango haliwezi kuyatoa, hata likiachwa wazi mwaka mzima. Waliojenga bwawa waliliweka lango juu hivyo kwa makusudi. Maji yale ni ya kambale na perege, ya mayungiyungi, ya korongo, ya nyati wa kufugwa wanaolala humo mchana kutwa, na ya tembo wanaotoka msituni kiangazi kikikaza. Na visima vya kijiji vyote hunyonya kutoka hapo chini kwa chini. Mpunga hauyagusi maji hayo.

Basi, mpunga ulikuwa umetoa masuke, umeanza kutia maziwa, na bwawani juu ya kizingiti mlikuwa na maji ya kunywesha mara mbili. Mara mbili zilitosha. Ranmenika alikuwa amepiga hesabu hiyo akiwa anapika, akiwa anafua, akiwa anamsugua mumewe mgongo kisimani, na kila mara ilitoka vilevile.

Ikaja siku ya mwezi mpevu. Siku hiyo hakuna anayekwenda shambani. Kijiji kizima huvaa nyeupe, hupanda kwenye hekalu la Buddha upande wa pili wa bwawa, na wenye umri kama wa Ranmenika hukaa huko mpaka jioni wakishika amri nane za dini yao. Alikuwa hajakosa hata mwezi mmoja tangu Kusuma awe mchanga. Alifikiria kumwomba mtu akae na Punchirala, halafu akafikiria maswali atakayoulizwa. Vidane mzima anatakiwa kulindwa kwa nini? Akamlisha uji, akamlaza, akangoja mpaka alipoanza kukoroma. Siku asiyopanda tuta huwa analala mpaka jioni, alijiambia. Akajifunga nguo yake nyeupe akaenda. Hekaluni, amri ya kutosema uongo aliitamka haraka haraka, kama mtu anayeruka dimbwi.

Alasiri, mtawa akiwa katikati ya mahubiri, Yasawathi aliyeketi karibu naye alimgusa goti. Yasawathi ni shoga yake wa miaka yote, mjane, mwepesi wa kuona na mwepesi zaidi wa kusema.

"Dada, hebu tazama kule. Mbona yangeyange wanashuka bondeni? Kundi zima hilo. Kule si kumekauka?"

Ranmenika alitazama. Ndege weupe walikuwa wakishuka mmoja baada ya mwingine nyuma ya miti, mahali ambapo palikuwa na vumbi tu. Aliinuka katikati ya watu waliokaa, jambo ambalo halifanyiki, akatoka, na alipokwisha kuvuka lango la hekalu akakunja nguo yake juu ya magoti akakimbia juu ya tuta, bibi mwenye mvi, watoto wakimshangaa.

Punchirala alikuwa ameketi juu ya saruji ya lango, miguu inaning'inia, mpini wa chuma mapajani. Punje za wimbi zilikuwa zimemganda hadi kwenye nyusi. Chini yake maji yalikuwa yanatoka kwa kishindo, yanashuka mfereji mkuu moja kwa moja, yakipita vipande vya watu bila kusimama, kwenda bonde la chini.

"Umechelewa, Ranmenika," alisema, uso umemng'aa. "Fungu la ndege lilikuwa halijanyweshwa. Watu wamelisahau kabisa! Nimewapa. Sikia wanavyoshukuru."

Alimpokonya mpini, akalizungusha gurudumu kwa nguvu zote mpaka grisi ikamchafua nguo yake nyeupe. Kishindo kikapungua, kikawa mchirizi, kikakoma. Akainama kutazama. Maji yaliyokuwa ya kunywesha mara mbili hayakutosha hata mara moja. Yaliyokwenda yalikwenda. Nusu yamemezwa na ardhi iliyopasuka, nusu yanaelekea bwawa la kijiji cha chini.

"Umefanya nini!" alipiga kelele. "Umefanya nini wewe!"

Katika ndoa yao yote hakuwahi kumpigia kelele. Punchirala alishtuka, mabega yakapanda, macho yakaanza kutafuta mahali pa kujificha. "Nimekosea zamu?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Ilikuwa zamu ya nani?"

Hasira yote ikamwisha Ranmenika pale pale, akamshika mkono. "Hapana," alisema. "Hujakosea. Twende nyumbani ukale."

Jioni hiyo kijiji kilikuwa kinawaka kwa hasira. Watu walioshuka hekaluni waliona majaruba ya chini yanameremeta maji na ndege wanaogelea, wakapanda kwenye tuta, wakaona maji yamekaribia kizingiti, wakashika vichwa. Maneno yakaruka. Wa kijiji cha chini wametuibia. Vijana wamecheza na lango. Mmoja akasema labda ni tembo. "Tembo anazungusha gurudumu?" alimkatiza Tilakasiri. "Basi tumpe cheo."

Hakuna aliyemtaja Punchirala. Ranmenika aliyasikia yote akiwa nyuma ya dirisha, na alijua kwamba akinyamaza litapita hivyo. Wa kijiji cha chini ni wa kulaumiwa tangu enzi na enzi, watavumilia lawama moja zaidi. Lakini kijiji cha chini ndiko alikozaliwa yeye.

Asubuhi wakakutana kwenye banda la chama cha kuzikana, maana ndiko kwenye viti. Ranmenika alikwenda na mumewe, akamketisha pembeni, akampa tambuu atafune. Tilakasiri hakungoja mtu amalize salamu.

"Tusipoteze muda kutafuta mwizi. Mpunga uko na maziwa. Usiponyweshwa, tutavuna makapi. Na maji yapo." Aliwatazama mmoja mmoja. "Yapo chini ya kizingiti. Pampu yangu ninayo, mafuta nitatia mimi. Tunyweshe, tuvune, kila mtu ale wali nyumbani kwake."

Wengi wakaanza kuitikia kwa vichwa. Njaa si jambo la kutaniwa. Mzee mmoja alisema kwa shingo upande kwamba maji yale hayajawahi kuguswa. "Hayajawahi kuguswa kwa sababu hapakuwa na pampu," Tilakasiri alimjibu. "Niwaambie wanangu hakuna wali, lakini kambale hawajambo?"

Watu wakacheka, na Ranmenika akaona mambo yanavyokwenda. Pampu ikiwashwa, mpunga utapona, na mpunga ukipona hakuna atakayeuliza tena nani aliachia maji. Jina la mumewe litabaki safi. Ilikuwa rahisi hivyo. Alichotakiwa kufanya ni kukaa tu kwenye kiti cha plastiki.

Akasimama.

"Mimi nilikuwa mtoto," alianza, na sauti yake ikamtetemeka kwa sababu hakuzoea kusema yasiyotanguliwa na 'Vidane amesema'. "Huko kwetu chini. Ulikuja mwaka kama huu. Baba yangu na wenzake wakachimba chini ya lango, wakayatoa maji ya mwisho. Hawakuhitaji pampu, Tilakasiri, majembe yalitosha. Tulifurahi, jamani! Samaki tuliwazoa kwa vikapu, tukakaanga mpaka tukachoka. Na mpunga tukavuna, siwadanganyi. Tukaujaza ndani. Halafu visima vikageuka chumvi, kisha vikakauka. Nyati wakazama kwenye tope, tunawasikia wanalia na hatuwezi kuwavuta. Tembo wakaja mpaka jikoni kuvunja mitungi. Nakumbuka mama yangu amekaa mbele ya gunia la mchele, analia, kwa sababu mchele upo na hana maji ya kuupikia."

"Hiyo ni zamani, shangazi," alisema Tilakasiri, lakini si kwa ukali.

"Zamani, ndiyo. Sasa nikwambie la jana." Alivuta pumzi. Hakumtazama mumewe. "Maji hayakuibwa. Lango alilifungua Baba Kusuma. Akili yake imeondoka. Imeondoka muda mrefu, na mimi niliwaficha. Yote mliyoambiwa Vidane amesema, nilisema mimi. Kipande chetu kitoeni kwenye zamu, tone moja sitaki. Lakini maji ya chini myaache, nawapigia magoti."

Na kweli alianza kupiga magoti, Yasawathi akamdaka kwapani.

Hakuna aliyeshangaa. Hilo ndilo lililomchanganya Ranmenika. Alitazama nyuso zile akitafuta mshangao, na akakuta watu wanaangalia miguu yao.

"Shangazi," Tilakasiri alisema hatimaye, akijikuna shingo. "Hilo hata mbwa wangu analijua. Tangu mwaka juzi mjomba ananiita kwa jina la baba yangu. Ananiuliza kama yule msichana wa ng'ambo amenikubali. Namwambia bado, mjomba, nasubiri jibu. Na yule ni mama yangu!"

Banda zima likacheka, na Punchirala, pembeni, akacheka pamoja nao kwa sababu aliona watu wamefurahi.

"Tulikuona unavyotembea nyuma yake," alisema Yasawathi. "Tukasema, akitaka kutuambia atatuambia. Lakini ungesema, dada. Jana ningekaa naye mimi. Ningekosa mahubiri mara moja nisingekufa."

Maneno hayo yalimchoma Ranmenika kuliko kama wangemtukana. Maji ya kijiji yalikuwa yamekwenda kwa sababu ya aibu yake, aibu ambayo kila mtu alikuwa akimsaidia kuibeba bila yeye kujua. Akaketi, akafunika uso kwa ncha ya nguo, akalia mbele za watu bila kujali.

Tilakasiri alimwacha alie kidogo, kisha akasema, "Kumhurumia mjomba ni jambo moja. Mpunga wangu ni jambo lingine. Mimi bado nasema pampu."

Wakabishana mpaka jua likawa kali juu ya bati. Sitadanganya kwamba wote waligeuka wema kwa hotuba moja. Kilichowageuza wengi ni kisima. Kila mwanamke pale alikuwa na kisima nyumbani, na kila mmoja alikuwa ameshaona kamba inavyozidi kuwa fupi mwaka ule. Mwishowe wakakata kauli: kila kipande kigawanywe katikati, nusu ya juu inyweshwe kwa maji yaliyosalia juu ya kizingiti, nusu ya chini ikatwe ikiwa mbichi, wapewe nyati. Kipande cha Ranmenika kikatwe chote, kama alivyoomba. Njaa wataiziba kwa wimbi la mashamba ya mlimani. Tilakasiri alipiga teke kiti, akatoka akisema kwamba watoto wake wakichoka ugali wa wimbi atawaleta walale kwa kambale. Lakini alipofika kwake, kama mkewe alivyowasimulia wengine, aliifunika pampu kwa turubai, akaketi juu yake mpaka jioni.

Lango likafunguliwa kwa mara ya mwisho msimu ule. Ranmenika ndiye aliyelizungusha, safari hii bila kujificha nyuma ya mtu. Maji yalipofika kwenye kizingiti yakakoma yenyewe, na ng'ambo ya kizingiti dimbwi likabaki na mayungiyungi yake na nyati wake, pua tu zinaonekana juu.

Kisha ukaja wakati wa kukata. Watu walianza kwenye nusu zao za chini, wakikata haraka haraka bila nyimbo, kama watu wanaotaka kumaliza mazishi. Yasawathi alikuwa amejitolea kukaa na Punchirala, wakapangana zamu yeye na wanawake wengine, lakini asubuhi hiyo mzee alikataa kubaki. Alitaka kwenda shambani. Ranmenika akaenda naye, akamketisha kwenye ukingo wa jaruba, penye kivuli, akaingia na mundu.

Mpunga ulikuwa mzuri, hilo ndilo lilikuwa gumu. Masuke yalikuwa marefu, yameinama kidogo, kijani inaelekea manjano. Alikata kicha cha kwanza akakilaza chini. Alikata cha pili. Alikuwa hajakata mpunga mbichi tangu azaliwe, na mkono haukutaka. Alikuwa akilia bila sauti, machozi na jasho vimechanganyika, akadhani hakuna anayemwona.

"Ranmenika."

Punchirala alikuwa amesimama nyuma yake ndani ya jaruba. Alikuwa ameokota suke, amelibana kwa kucha, na maziwa meupe yamemtiririkia kidoleni. Alikuwa anayatazama. Uso wake ulikuwa umetulia namna ambayo mkewe hakuiona kwa miezi mingi, uso wa Vidane kwenye kikao.

"Mpunga huu una maziwa," alisema. "Kwa nini unakata?"

"Maji hayatoshi."

Aligeuka akatazama tuta, mfereji, vipande vya jirani vilivyokatwa nusu. Alikuwa anasoma, mtu yeyote angeona anasoma. "Yalitakiwa kutosha," alisema. "Mwaka wa kugawana hatukosei hesabu. Kuna mtu ameachia maji." Akamgeukia mkewe. "Nani? Nani amewafanyia watu hivi?"

Ranmenika alimtazama mumewe. Kijiji kizima kilikuwa kimeambiwa ukweli, na alikuwa ameusema yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, amesimama. Amebaki huyu mmoja asiyejua.

"Ni mimi," alisema. "Siku ya mwezi mpevu. Niliharakia hekaluni, nikasahau lango. Nisamehe."

Mzee akaligeuzageuza suke mkononi, akifikiri. Ranmenika alingoja, na ingawa alijua kilichotokea kuliko mtu yeyote, aliogopa kweli kweli, kama mkosaji.

Punchirala akamsogelea. Akainua pembe ya kikoi chake, akamfuta uso, shavu moja, kisha la pili, bila haraka, kama anavyofutwa mtoto. Akamtoa mundu mkononi.

"Usilie," alisema. "Mtu akifanya kazi lazima siku moja asahau. Sasa nisikilize. Watakuuliza, hawa hawana subira, nawajua. Wewe usikubali. Waambie ni mimi. Waambie Vidane ndiye aliyesahau." Akampapasa kichwa. "Mimi watanisamehe."

Kisha akainama, akashika shina la kwanza, akaanza kukata.